Betri Imejaa Saa Tano, Jua Bado Linawaka: Geuza Umeme wa Sola Unaobaki Kuwa Joto la Maji na la Banda

Swali hili wafugaji wananiuliza sana, hasa wa Nyanda za Juu Kusini: "Bwana shamba, sola yangu inajaza betri saa tano asubuhi, baada ya hapo umeme unaenda wapi?" Jibu ni kwamba hauendi popote. Betri ikishajaa, kontrola inazibana paneli zitoe kile tu unachotumia muda huo. Ukiangalia kwenye kioo utaona uzalishaji umeshuka mchana wa jua kali, ukadhani paneli zimeharibika. Hazijaharibika, zimekosa kazi ya kufanya.

Na jioni ya siku hiyo hiyo, mfugaji huyo huyo ananunua mkaa wa kupasha joto vifaranga.

Sasa kabla hatujafika kwenye joto, niseme hili wazi. Kupasha joto ndiyo kazi ya mwisho ya umeme wa sola, siyo ya kwanza. Kama umeme unabaki, anza kwa kujaza tenki la maji mchana badala ya jioni, poza maziwa, endesha mashine ya kukatia majani. Kazi hizo haziwezi kufanywa na kuni. Joto linaweza kutoka kwenye vitu vingi, kwa hiyo linapewa makombo. Ila makombo yenyewe ni mengi, ndo maana tunaongea.

Hesabu ya kukariri

Uniti moja ya umeme, ile ile unayonunua kwenye luku, inapasha ndoo moja ya lita 20 kutoka digrii 17 mpaka digrii 60. Kariri hiyo, itakutosha. Ndoo tano zenye moto wa kuoshea vyombo vya maziwa ni uniti tano. Pipa la lita 200 ni ndoo kumi, kwa hiyo uniti tano zinalipandisha digrii 21 hivi, siyo zaidi. Fundi akikwambia paneli mbili zitachemsha pipa zima kila siku, mpe hesabu hii akuoneshe.

Tuchukue mfano. Una paneli za jumla ya wati 3,000. Siku nzuri ya jua, ukitoa upotevu, unapata uniti 11 mpaka 12. Nyumba inakula 2, pampu na friji 3. Zinabaki kama 7. Hizo 7 ndizo zinazopotea leo.

Maji ya moto

Hapa ndipo pa kuanzia, kwa sababu ni rahisi na faida unaiona wiki ya kwanza. Mwenye ng'ombe wa maziwa anahitaji maji ya moto asubuhi na jioni. Keni na ndoo za kukamulia unazisuuza kwanza kwa maji ya kawaida au vuguvugu, maana maji ya moto sana yanagandisha maziwa kwenye ukuta wa chombo, halafu ndo unaosha kwa sabuni na maji ya moto. Wengi wanaruka hatua ya moto kwa sababu kuni zimelowa au muda hakuna, kisha maziwa yanakataliwa kituoni kwamba yamechachuka. Maji yaliyopashwa mchana na tenki likafungwa vizuri bado yana moto jioni, na asubuhi pia.

Suala la hita. Hita za maji zinazouzwa madukani ni za wati 1,500 mpaka 3,000. Ukichomeka ya wati 3,000 kwenye inveta ya kilowati 3, inveta inazima, au inaanza kunyonya betri kwa nguvu wingu likipita. Unataka hita ndogo inayofanya kazi muda mrefu. Mafundi wanaojua wanachukua hita mbili zinazofanana za wati 2,000 na kuziunga kwa mfuatano, umeme upite ya kwanza ndipo uingie ya pili. Kila moja inapata nusu ya volti, na zote mbili kwa pamoja zinakula wati 1,000 tu. Kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa kumi jioni, hizo ni uniti tano bila kuisumbua inveta. Jambo la pili zuri ni kwamba hita inayofanya kazi chini ya uwezo wake inakaa muda mrefu, hasa kwenye maji ya chumvi.

Nani ataiwasha na kuizima? Usimwachie mtu. Inveta nyingi za haibridi za siku hizi zina swichi ya ndani unayoweza kuipangia: washa betri ikifika asilimia 95, zima ikishuka 85. Muulize fundi kwa jina la inveta yako. Kama haina, tumia swichi ya saa, iwashe saa tano na kuzima saa tisa na nusu, ingawa siku ya mawingu lazima uizime mwenyewe.

Na hapa nawaomba msikie vizuri. Kuna watu wanaunga paneli moja kwa moja kwenye hita bila inveta, kwa kuwa ni rahisi. Hita yenyewe haina shida na umeme huo. Shida ni themostati. Themostati ya kawaida imetengenezwa kukata umeme wa nyumbani, ule unaobadilika mwelekeo. Umeme wa paneli haubadiliki, kwa hiyo themostati inapojaribu kukata, cheche inaendelea kuwaka katikati mpaka vidole vya swichi vinaungana. Baada ya hapo hita haizimi tena. Kwenye tenki lililofungwa lisilo na vali ya kupunguzia mgandamizo, hilo ni bomu. Tenki lililofungwa liwe na vali hiyo, pipa la wazi liwe na mfuniko usiobana, waya wa ardhi uwepo, na swichi ya RCD iwepo. Maji, chuma na umeme vikikutana na mtoto anayechota, hakuna nafasi ya pili.

Joto la vifaranga

Wiki ya kwanza kifaranga anataka digrii 32 mpaka 35 usawa wa mgongo wake, halafu unashusha kama digrii tatu kila wiki. Njombe au Makete mwezi wa saba usiku unashuka chini ya digrii 10. Tofauti hiyo ndiyo inayoua vifaranga, na jiko la mkaa ndani ya bruda iliyozibwa linaua pia, vifaranga na wakati mwingine kijana aliyelala humo kuwalinda. Moshi wake mbaya hauonekani wala haunuki.

Tatizo la sola ni kwamba joto linahitajika usiku na umeme unabaki mchana. Kuhifadhi kwenye betri ni gharama. Betri ya 12V ya 200Ah ina uniti 2.4, na ile ya asidi ukitumia zaidi ya nusu unaiua mapema. Hita ya chumba ya wati 1,000 inaimaliza hiyo nusu ndani ya saa moja na dakika chache. Kwa hiyo usiwashe hita ya umeme usiku kutoka kwenye betri, iwe bandani au sebuleni. Hifadhi joto kwenye maji.

Chukua pipa la chuma la lita 200. La plastiki hapana, linalegea kwenye moto mkubwa. Lifunge mfuniko unyevu usiingie kwenye maranda, liweke ndani ya bruda, na lizungushie wavu, vifaranga wasijirundike ubavuni mwake. Mchana livishe koti la magunia yaliyojazwa pumba za mpunga au maranda makavu. Uniti zako tano zitalitoa digrii 40 mpaka 60 na kitu. Zile mbili zilizobaki zinaendesha taa ya joto ya wati 250 mchana.

Sasa sehemu inayowashinda wengi. Pipa lililo uchi linatoa joto kwa pupa. Saa mbili usiku linaweza kutoa zaidi ya wati 500, vifaranga wanakimbilia kona kwa kuhema, halafu saa kumi alfajiri, wakati baridi ni kali kuliko wakati wote, limebakiwa na nguvu ya taa moja au pungufu. Kwa hiyo jioni usilivue koti lote. Acha sehemu ndogo wazi, ongeza kidogo saa nne unapokwenda kulala, na fungua lote usiku wa manane. Kisha taa moja ya joto iwekwe kwa swichi ya saa, kutoka saa tisa usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Hiyo ni robo tatu ya uniti, betri inaimudu.

Ukigawa uniti tano kwa saa 14 unapata wastani wa wati 350 hivi. Hizo zinatosha vifaranga 100 mpaka 150 kwenye bruda iliyofunikwa juu, isiyopitisha upepo chini. Kwa vifaranga 500 hazitoshi, nisikudanganye. Mwenye 500 alichukulie pipa kama la kupunguza gharama, na gesi ibaki kama chanzo kikuu. Na idadi yoyote uliyonayo, themometa ni shilingi chache: ining'inize usawa wa vifaranga, siyo usawa wa macho yako.

Kwa wafugaji wa nguruwe, pipa hilo hilo linafaa pembeni ya kisanduku cha watoto siku za mwanzo. Ukitaka kupitisha maji ya moto kwenye mabomba sakafuni, tumia PPR. PVC ya kawaida inapinda.

Usinunue paneli kwa ajili ya joto

Haya yote ni kwa umeme ambao tayari unapotea. Kama huna ziada na unahitaji maji ya moto kila siku, usiongeze paneli. Nunua tenki la kupashia maji kwa jua, lile lenye vioo juu ya paa. Paneli inageuza kama sehemu moja ya tano ya jua kuwa umeme, wakati kioo cha maji kinaweza kunasa nusu na zaidi kama joto.

Angalia pia uko wapi. Njombe na Mbeya miezi ya baridi ni kiangazi, anga mara nyingi liko wazi, kwa hiyo ziada inakuja wakati unaoihitaji. Paneli zielekee kaskazini kidogo. Arusha na Moshi mambo ni kinyume, mwezi wa sita mpaka wa nane mawingu yanatanda asubuhi, na ziada inapungua wakati baridi imeingia. Wa huko, jengeni mahesabu yenu kwa siku mbaya.

Kabla hujanunua hita, chukua daftari na kwa wiki mbili andika mambo mawili: saa betri inapojaa, na saa jua linapoacha kupiga paneli. Kama kati yake hakuna angalau saa tatu kwa siku nyingi, hita iache dukani.