Sahani Sitini za Wali Maharage

Muulize mkazi wa Mbagala, Tandika, Tandale au Tegeta kwa nini hajafungua biashara ya chakula wakati anajua kupika, naye atakutajia mtaji kabla ya kitu kingine. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini linafunika jambo kubwa zaidi. Kuanza hakuhitaji fedha nyingi: jiko la mkaa, masufuria mawili matatu, ndoo za maji, sahani, benchi, turubai la kuzuia jua na mchele wa siku moja. Wengi huanza na vyombo vilivyomo nyumbani. Kazi ngumu ni kufikisha miezi sita ungali unapika. Hoja yangu ni kwamba biashara ndogo ya chakula pembezoni mwa Dar es Salaam hubebwa na wateja wanaojulikana kabla moto haujawashwa, na anayekimbilia mkopo kabla ya kuwapata wateja hao anajitafutia deni tu.

Tufanye hesabu ya mama lishe wa kufikirika, kwa bei za mfano. Ananunua mchele kilo kumi kwa shilingi 25,000, maharage kilo tatu kwa 9,000, mafuta, nazi, nyanya na vitunguu kwa 8,000, mchicha 2,000, mkaa 4,000 na maji 1,000. Jumla ni 49,000. Kilo moja ya mchele ikimpa sahani sita, anapakua sahani 60, na kwa 1,500 kila moja anatarajia 90,000. Mezani inaonekana faida ya 41,000, na hapo ndipo wengi huishia kuhesabu. Lakini msaidizi analipwa 10,000, nauli na ushuru vinachukua 5,000, sahani nane zimeandikwa kwenye daftari la madeni na fedha haijarudi, na sahani sita zimebaki kwenye sufuria jioni. Sahani hizo kumi na nne peke yake ni 21,000. Mkononi zimebaki 5,000 kwa kazi iliyoanza alfajiri. Bei ya mchele haikumwangusha, wala ladha ya maharage. Faida yake imeliwa na vitu viwili: chakula kilichokosa mlaji na mlaji asiyelipa. Vyote viwili hupungua pale mpishi anapowajua watu wake, yaani anapojua kwamba kijiwe fulani cha bodaboda kitaleta kumi na wawili, gereji italeta wanane, mafundi wa jengo lile wanapumzika saa saba kamili na wanalipwa Jumamosi. Mwenye habari hizo hupika sahani 48 na kuziuza zote, naye anaweza kumshinda anayepika 60 kwa kubahatisha.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayonifanya nisione ajabu kwamba maduka makubwa yaliyokuja na fedha nyingi yaliondoka na wapishi wa barabarani wakabaki. Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014. Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga milango yake nchini mwaka 2015, na baadaye Nakumatt yenyewe ikaanguka. Kampuni hizo zilikuwa na matatizo yao ya ndani, kwa hiyo si haki kusema zilishindwa na mama lishe. Hata hivyo mtafiti Marc Wegerif, aliyefuatilia safari ya chakula kutoka mashambani mpaka mezani Dar es Salaam na kuwasilisha tasnifu yake Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, mwaka 2017, alionyesha kwamba jiji hili hulishwa hasa na wafanyabiashara wadogo wasiohesabika: wenye maduka ya mtaani, wauza mayai kwa baiskeli, wasagaji wa nafaka, wachuuzi wa masokoni na wapishi. Nguvu yao ni kukaa karibu na mlaji, kumuuzia kipimo anachokimudu siku hiyo, na kumkopesha kwa sababu wanamjua. Unga wa robo kilo na mafuta ya kupima ni huduma ambayo duka lenye viyoyozi haliwezi kuitoa kwa faida.

Uhusiano huo unafika pia upande wa manunuzi. Mpishi wa Temeke anayekwenda soko la Stereo kila alfajiri kwa muuzaji yuleyule, au wa Kinondoni anayenunua nafaka Tandale na ndizi Mabibo, baada ya muda huanza kupewa mali kauli: anachukua gunia leo, analipa akishauza. Huo ni mkopo usio na fomu wala dhamana ya kitanda. Wapishi watatu wa mtaa mmoja wakichanga gunia moja la mchele, kila mmoja huokoa nauli na pengine hupata bei ya jumla. Nashangaa jambo hili halifanywi mara nyingi zaidi, kwa kuwa watu haohao tayari wanakutana kwenye vikoba na michezo ya upatu.

Atakayepinga atasema: bila fedha huwezi kukua, na Serikali imetenga fedha. Ni kweli. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni mpango mzuri na ninautetea. Lakini mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa ili utaratibu upangwe upya, na aliyekuwa ameweka matumaini yake yote huko alibaki akisubiri. Wengine hukimbilia ile mikopo inayoitwa kausha damu, ambayo marejesho yake ni ya kila wiki au hata ya kila siku. Rudi kwenye zile 5,000 zilizobaki mkononi: rejesho la 6,000 kwa siku linammaliza mpishi huyu, hata kama anapika vizuri kuliko wote Mbagala. Mkopo huongeza kilichopo. Ukiingia kwenye biashara inayopoteza sahani kumi na nne kwa siku, utaongeza sahani zinazopotea.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: eneo. Wateja wanajulikana kwa sababu mpishi yupo mahali pamoja, na katika jiji hili mahali hapadumu. Mwaka 2017 nyumba na biashara nyingi zilibomolewa kandokando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kupisha upanuzi. Desemba 2018 Rais John Magufuli alizindua vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa ada ya shilingi 20,000, na wengi wakapumua. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2021, wamachinga na mama lishe wakaondolewa barabarani na kupelekwa maeneo yaliyopangwa. Barabara zinahitajika, na njia za waenda kwa miguu pia. Lakini mpishi anayehamishwa kilomita mbili kutoka gereji na kijiwe anapoteza mtaji wake halisi, hata kama kila sufuria limefika salama. Maofisa wa manispaa wanaopanga meza kwenye soko jipya wangefanya vyema kuanza kwa kuuliza wanaokula ni akina nani na wanafanya kazi wapi. Kwa upande wake, mpishi mwenye namba za simu za wateja hamsini anaweza kuwapelekea chakula kwa bodaboda na kupokea malipo kwa simu. Anaumia, lakini haanzi upya.

Wapo pia wanaosema mtaa haukuzi mtu, na humtaja mfanyabiashara mkubwa Said Salim Bakhresa, ambaye kampuni yake inasimulia kwamba ilianza na mgahawa mdogo Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1970. Mfano huo, ukiutazama vizuri, unaunga mkono hoja hii. Kutoka mgahawa alikwenda kwenye unga, yaani kwenye kitu ambacho walaji na wapishi wanakihitaji kila siku. Hatua kama hiyo, kwa kipimo kidogo, iko wazi kwa wengi: anayeuza uji asubuhi akafungasha unga wa lishe, anayeuza chapati akapeleka oda kwenye migahawa mitatu, anayetengeneza achari au siagi ya karanga akaweka chupa dukani. Hapo sheria hubadilika. Tangu 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, na SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo lililoanzishwa 1973, huwafundisha wasindikaji wadogo na kuwaunganisha na TBS. Anayeogopa alama ya ubora akidhani ni ya viwanda vikubwa tu aende ofisi za SIDO akaulize.

Usafi hauna mjadala. Mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia Kinondoni, na chakula cha maeneo ya wazi kilipigwa marufuku. Mwenye maji ya kunawa yanayotiririka, sahani zilizofunikwa na kadi ya kupimwa afya analinda wateja wake, na analinda mapato ya jirani zake wanaopika mtaa uleule.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuanza mwezi ujao, nunua daftari kabla ya sufuria la pili. Kwa wiki nne andika kila siku ulichopika, kilichobaki, nani amekopa na nani amerudi kula. Mkopo uuombe baada ya hapo, ukiwa na daftari hilo mkononi.