Kupakana na Kutokana: Uhusiano Linganifu na Uhusiano wa Upande Mmoja kwa Mifano ya Bukoba na Muleba

Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, inapakana na Wilaya ya Bukoba. Vilevile imetokana nayo, kwa kuwa ilimegwa kutoka katika eneo lake. Vitenzi vyote viwili vina umbo la kutendana, lakini kimahisabati vinaeleza mahusiano tofauti kabisa, na umbo hilo limekwisha kuwapotosha wengi.

Uhusiano R katika seti S ni linganifu iwapo, kwa kila x na y, xRy hulazimisha yRx. Kupakana kuna sifa hiyo. Uhusiano ni wa upande mmoja iwapo xRy huzuia yRx daima: Bukoba haikutokana na Muleba. Katika uhusiano wa namna hii hakuna kipengele kinachohusiana na nafsi yake, kwani xRx ingejizuia yenyewe.

Aghalabu hudhaniwa kwamba uhusiano usio linganifu ndio wa upande mmoja. Sivyo. Tuchukue watoto wa nyumba moja ya Kihaya, wavulana a na b pamoja na msichana c, na xRy iwe “x ni ndugu wa kiume wa y”. Kwa kuwa aRc ni kweli na cRa si kweli, R si linganifu. Hata hivyo aRb na bRa ni kweli zote mbili; basi R si wa upande mmoja pia. Tukimwondoa c, uhusiano uleule huwa linganifu, jambo linalomlazimu mtafiti kutaja seti yake mapema. Akibaki a peke yake, R huwa mtupu, na uhusiano mtupu ndio pekee wenye sifa zote mbili kwa pamoja.