Kompyuta ya Gemu Imezeeka? Anza na Kipuri Kinachofaa

Je, kompyuta yako ya gemu inakwama? Usikimbilie kununua nyingine. Mkazi wa Kware mwenye bajeti ndogo, awe kijana nyumbani au mwenye kibanda cha gemu, anashauriwa kufuata hatua hizi:

1. Uliza fundi kama inakubali Windows 11. Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ikiwa haikubali, usiitumie pesa nyingi.

2. Safisha. Chomoa waya wa umeme, kisha ondoa vumbi kwenye feni. Kompyuta ikipata joto jingi hujipunguzia kasi.

3. Nakili picha na hati zako kwingine, kisha weka SSD badala ya diski ya zamani. Gemu zitafunguka haraka.

4. Ongeza RAM hadi GB 16. Nenda dukani na kipande cha zamani, kwa kuwa DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4.

5. Kadi ya michoro iwe ya mwisho, maana ndiyo ghali zaidi. Kompyuta zilizotoka ofisini mara nyingi huwa na pawa saplai ndogo. Chagua kadi isiyozidi wati 75 na isiyo na tundu la waya wa ziada.

Unaponunua kipuri kilichotumika, kijaribiwe ukiona, na udai risiti inayoonyesha muda wa dhamana. Vipuri vibovu visichomwe wala kutupwa ovyo; vingi vina risasi, ambayo hudhuru watoto.