Foleni ya Kigongo imekwisha, mteja atatupata wapi?

Aliyewahi kusubiri pantoni Kigongo anaikumbuka ile heka heka. Basi linazima injini, na kabla vumbi halijatua sinia zimeshafika dirishani: sato wa kukaanga waliopangwa vichwa upande mmoja, mayai ya kuchemsha na chumvi yake kwenye kijikaratasi, karanga, maji ya chupa. "Kaka, sato wa leo huyu, mshike, bado wa moto." Abiria hana pa kwenda. Kivuko kiko ng'ambo, Busisi, na hata kikirudi sasa hivi kuna malori yametangulia. Basi atakula, atanunua wawili wa kupeleka nyumbani, atashushia na soda.

Kusubiri huko ndiko kulikozaa biashara pande zote mbili za Ghuba ya Mwanza. Mama lishe, wakaanga samaki, wenye gesti, mafundi pancha, mawakala wa kutoa pesa, vijana wa bodaboda, wote walikuwa wakila kwenye foleni moja. Hakuna aliyelazimika kujitangaza. MV Mwanza, MV Misungwi na MV Sengerema zilikuwa zikiwaletea wateja mpaka mlangoni, mchana kutwa.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, kilomita 3 juu ya maji, kazi iliyoanza 2020 na kugharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Safari iliyoweza kula saa mbili, ukijumlisha kusubiri na kuvuka, sasa ni ya dakika chache. Mgonjwa anayekimbizwa Hospitali ya Bugando kutoka Sengerema haombi tena pantoni iwe upande wake. Hiyo ni faida isiyo na mjadala, na simjui mtu mwenye akili timamu anayetaka foleni irudi. Ila basi la Geita halizimi tena injini Kigongo. Linapita.

Kilichopotea hapo ni mteja wa kukaa, yule aliyekuwa akinunua kwa kuwa amekwama. Samaki wapo, mapishi ni yale yale, tena daraja limeisogeza Geita yenye dhahabu karibu zaidi na sato wa Misungwi. Anayemtaka samaki huyo sasa yuko ofisini Geita, au nyumbani Nyegezi, au ndani ya gari linalokata kona ya Usagara, na mkononi ana simu. Anaandika maneno matatu: samaki jumla Mwanza. Akimaliza kuandika, nani atamjia?

Wengi watajibu kwamba wao wako Instagram, wako WhatsApp, stetasi wanaweka kila asubuhi. Ni vizuri, na wasiache. Lakini stetasi humfikia aliye na namba yako tayari, na kesho yake imefutika. Mgeni anayetafuta kwa mara ya kwanza haioni kabisa. Halafu kuna jambo ambalo watu wa Kigongo wanapaswa kulielewa kuliko Mtanzania mwingine yeyote: mitandao hiyo nayo ni foleni ya mtu mwingine. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita, na anayepokea oda zake zote huko alikaa mikono mitupu. Novemba 2019 Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania, na waliokuwa wamepanga bidhaa zao kwenye duka lile la mtandaoni ikawabidi kuanza upya. Hakuna aliyewakosea kwa makusudi. Uwanja haukuwa wao, na mwenye uwanja aliamua yake.

Tovuti ni kiwanja chenye jina lako. Unalisajili, kwa mfano likiishia .co.tz, na kwa wenye malazi ipo hata .hotel.tz. Ukilipa ada yake kila mwaka, hakuna atakayekuhamisha wala kubadilisha nani aone tangazo lako na nani asilione. Ada ya jina lenyewe haifiki bei ya sangara mmoja wa kilo kumi. Kinachoongeza gharama ni fundi na mahali pa kuhifadhi kurasa, na hapo napo mfanyabiashara mdogo hahitaji mambo makubwa.

Chukua mkaanga samaki wa Kigongo. Ukurasa mmoja unamtosha. Juu kabisa iwe namba ya simu inayopigika kwa kuguswa. Chini yake bei ya leo ya sato na sangara kwa kilo, iandikwe kwa tarakimu, maana "bei maelewano" humfukuza mnunuzi aliye mbali. Kisha picha mbili za kweli, samaki akiwa kwenye mzani na boksi la barafu likifungwa tayari kupakiwa kwenye basi la Dodoma au Dar es Salaam. Kisha lipa namba pamoja na jina litakalotokea mteja akilipa, ili asiogope kutapeliwa. Mwisho ramani ya alipo na saa za kazi. Picha zipunguzwe uzito, kwa sababu anayezifungua anatumia bando la siku, na ukurasa mzito ataufunga kabla haujamaliza kufunguka.

Mwenye gesti ana hoja nzito zaidi. Wageni waliokuwa wakilala kwa kuchelewa pantoni hawapo tena. Waliobaki ni wanaopanga safari mapema: mhasibu anayetafutia semina ukumbi, mtalii anayeelekea Kisiwa cha Rubondo, familia inayokwenda msibani Chato. Watu hawa hulinganisha bei wakiwa kwao, na ofisi nyingi huomba ankara yenye anwani inayoeleweka kabla ya kutoa fedha. Barua pepe yenye jina la gesti yako humpa mhasibu imani ambayo namba ya WhatsApp peke yake haimpi.

Wauza dagaa wa Mwaloni Kirumba nao wasijione wako nje. Dagaa wa Ziwa Victoria wanakwenda Kongo na Burundi kwa magunia, na mnunuzi wa Bukavu anasoma Kiswahili vizuri. Ukurasa wa Kiswahili wenye mistari michache ya Kifaransa, ukionyesha ubora wa dagaa na bei ya gunia, unaweza kumwokoa na safari ya kubahatisha.

Sitamwambia kila mtu afungue tovuti. Mama lishe mwenye sufuria mbili na wateja wa mtaani kwake atapata zaidi akinunua sufuria ya tatu. Kwake yeye nafuu iko kwenye kikundi: wanawake kumi, jina moja, ukurasa mmoja, gharama wakagawana. Vikundi vya kuweka na kukopa vipo tayari kwenye vijiji hivi, na uaminifu wa kushika fedha ya pamoja upo.

Kuna mtego mmoja unaoniumiza kila ninapokutana nao. Mfanyabiashara anamlipa kijana amtengenezee tovuti, kijana anasajili jina kwa barua pepe yake mwenyewe, mwaka unaisha, kijana amehamia mji mwingine na simu yake haipatikani. Ada haikulipwa, jina limekufa, na mabango ya barabarani bado yanawaelekeza watu kwenye ukurasa usiofunguka. Sajili jina kwa jina lako na barua pepe yako, nywila iandike kwenye daftari lile lile la leseni na TIN, na tarehe ya kulipia ada ipige mstari mwekundu. Ukianza kukusanya majina na namba za wateja, kumbuka pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu.

Jioni, ukisimama karibu na gati la zamani, unayaona mabasi yakipita juu, taa zimewaka ndani, na karibu kila dirisha uso umeinamia simu. Kabla ya kufika Usagara abiria mmoja anaweza kuwa ameshaagiza sato wanne, amelipia, na kuelekeza wakabidhiwe kwa kondakta wa basi la kesho asubuhi. Kwa sasa, wakaangaji wengi wa Kigongo hawana mahali ambapo oda hiyo ingefikia.