Kilabu Kilichoacha Pombe

Kilabu cha pombe cha zamani hutambulika hata pombe ikishaondoka. Katika miji midogo ya biashara kando ya barabara kuu ya M1 nchini Malawi, kama Mponela wilayani Dowa, baa za mtindo wa zamani ni majengo marefu ya matofali ya kuchoma yasiyo na ghorofa. Bati la paa huteremkia nyuma, na ukuta wa mbele hupandishwa hadi kulificha. Juu ya ukuta huo ndipo jina huchorwa, na chini yake kuna baraza.

Chimbuko la ukumbi wa pombe wa aina hii ni la kiserikali, na liko nje ya Malawi. Mwaka 1909 manispaa ya Durban, Afrika Kusini, ilijitwalia haki ya pekee ya kuwauzia Waafrika pombe. Nairobi ikaiga, ikafungua kilabu chake Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920. Faida ililipia huduma za mitaa ya Waafrika, yaani mnywaji alijijengea mtaa kwa kikombe chake. Mapato hayo yalitaka watu wanywe mahali pamoja panapoonekana, ndiyo sababu ya uwanja wenye uzio, malango machache na mabenchi yasiyohamishika.

Pombe nayo ilikuwa na masharti yake. Chibuku, pombe ya mahindi na mtama inayouzwa kwa pakiti, huendelea kuchachuka humo ndani. Ikizibwa kabisa, pakiti hupasuka. Machicha hutuama, hivyo hutikiswa kabla ya kunywewa, na lazima inywewe ndani ya siku chache. Ukumbi wake ukahitaji madirisha ya kupitisha hewa na sakafu ya saruji inayooshwa kwa ndoo.

Bia ya chupa ilibadili mambo. Kiwanda cha Carlsberg cha Blantyre, cha kwanza cha kampuni hiyo nje ya Denmark, kilifunguliwa mwaka 1968, na rangi yake ya kijani ikaenea kwenye kuta za baa nchini. Pesa na chupa zikapishana kwenye dirisha la nondo lenye tundu la kupitisha mkono, na kizingiti chake cha saruji kikalainishwa na viwiko.

Dirisha hilo ndilo linalolipa jengo uhai wa pili: baa ikigeuzwa duka, sukari, sabuni na vocha huuzwa hapo hapo bila kubadili chochote. Ukumbi mpana usio na vyumba hufaa kanisa pia, ila hapo dirisha huzibwa kwa matofali na kijani hupakwa chokaa, mara nyingi zaidi ya mkono mmoja, maana rangi ya mafuta haifichiki upesi.