Shakwe Hana Jezi

Kaskazi ikianza kuvuma, picha nazo huanza kumiminika. Shakwe mkubwa wa kahawia, mwili mzima madoadoa, kasimama juu ya fungu la mchanga mlangoni mwa Mto Sabaki karibu na Malindi, na swali ni lile lile la mwaka jana: "Kitabuni hayumo, si aina mpya huyu?" Yumo. Mara nyingi yuko ukurasa wa shakwe mgongo-mweusi mdogo, ila wewe umetazama mchoro wa mkubwa ukauruka wa kijana.

Nani aliyewaambia watu kwamba kila aina ya shakwe ina rangi yake, kama timu na jezi? Shakwe hawa wakubwa huchukua takriban miaka minne kufikia vazi la utu uzima. Mwaka wa kwanza ni kahawia tupu, mdomo mweusi, mkia una utepe mweusi. Wa pili, rangi ya wakubwa huanza kuchungulia mgongoni. Wa tatu amekaribia, lakini mdomo bado una doa jeusi. Juu ya hayo, jua huyachujua manyoya ya zamani mpaka yakapauka, huku mapya yaliyoota kando yake yakiwa yamekolea. Ndege mmoja, rangi tatu.

Halafu kuna hoja ya miguu, ambayo imenichosha. "Miguu ni ya waridi, kwa hiyo si mgongo-mweusi mdogo." Miguu ya waridi ndiyo ya kijana wao! Ya manjano huja na umri. Tena picha ya saa sita mchana, mchanga ukimeremeta, itaufanya mgongo uonekane mweupe kuliko ulivyo. Na programu ya simu itakutajia jina bila kusita hata pale inapokisia.

Lakini wageni adimu wa kupigiwa kelele wapo kweli. Shakwe macho-meupe, ambaye kwao hasa ni Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden, hufanana mno na shakwe wa Hemprich, aliye wa kawaida pwani ya Kenya. Hapo pia usiharakie rangi: tazama mdomo. Wa Hemprich ni mnene na mzito. Wa macho-meupe ni mwembamba, mrefu.

Basi, kadiria umri kwanza. Kisha umbo: unene wa mdomo, urefu wa mabawa kupita mkia, kimo chake akiwa kando ya buabua. Mpige picha akiruka, bawa juu na chini, mkia ukionekana. Piga nyingi. Ana pete mguuni? Soma namba, shakwe waliovishwa pete Finland hufika hadi Afrika Mashariki, na namba haibishaniwi.

Ukinitumia picha moja ya ubavuni, ndege katulia, jibu langu utalipata leo: shakwe mkubwa, bado kijana. Ukitaka jina, nitumie bawa lililokunjuliwa.