Mnara wa Redio na Mwili wa Binadamu: Hatari Iko Wapi?

Katika zahanati na vituo vya afya si jambo geni kumpokea mgonjwa anayeeleza kwamba maumivu ya kichwa, kukosa usingizi au moyo kwenda mbio vilimwanza tangu mnara uliposimikwa karibu na nyumba yake. Wakati huohuo, fundi anayepanda mnara huohuo kila mwezi huenda asiulizwe hata mara moja kuhusu mawimbi anayokabiliana nayo akiwa kazini. Sayansi inaonyesha kwamba mpangilio huo wa hofu umegeuzwa juu chini.

Mawimbi ya redio na mwili

Mawimbi ya redio yamo katika ukoo mmoja na mwanga wa jua na eksirei. Yote ni mawimbi ya sumakuumeme. Kinachoyatofautisha ni nishati. Eksirei huweza kung'oa elektroni kutoka kwenye atomi, na kwa njia hiyo kuharibu vinasaba vya chembe hai. Katika masafa ya FM, yaani takriban megahezi 88 hadi 108, nishati ya kila chembe ya wimbi ni pungufu zaidi ya mara milioni 10 ya ile inayohitajika kufanya kazi hiyo. Ndiyo maana mawimbi haya huitwa mionzi isiyoayonisha.

Athari iliyothibitishwa ya mawimbi yenye nguvu nyingi ni joto. Molekuli za maji mwilini hutikiswa na tishu hupata moto. Kwa kawaida damu huliondoa joto hilo, lakini lenzi ya jicho haina mishipa ya damu, na korodani huathirika haraka joto linapozidi. Katika masafa ya chini zaidi, kama yale ya mawimbi ya kati yatumiwayo na redio za AM, kuna hatari nyingine: mtu anayegusa chuma chenye nguvu ya mawimbi huweza kupitiwa na umeme, akashtuka na kuungua.

Viwango vya usalama

Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi Isiyoayonisha, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, ilianzia kwenye kiasi cha wati 4 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Hicho ndicho kiasi ambacho mwili mzima ukikifyonza, joto lake la ndani hupanda kwa takriban nyuzi 1 ya Selsiasi. Kwa wafanyakazi, kiasi hicho kiligawanywa kwa 10 na kuwa wati 0.4, kwa umma, kiligawanywa kwa 50 na kuwa wati 0.08. Mwili uliopumzika huzalisha wenyewe takriban wati 1 kwa kilo, hivyo kikomo cha umma hakifiki hata sehemu ya kumi ya joto letu la asili. Kikomo hicho kiliwekwa kwa kuwazingatia pia watoto na wagonjwa. Mfanyakazi mjamzito naye huhesabiwa kwa kikomo cha umma.

Umbali ndio kinga

Nguvu ya mawimbi hupungua haraka kadiri mtu anavyosogea mbali: umbali ukiongezeka maradufu, nguvu hubaki robo. Chukua mfano wa antena ya FM inayoelekeza wati 1,000 upande alipo mtu. Katika umbali wa mita 100, kila mita ya mraba hupokea takriban wati 0.008. Kikomo cha umma katika masafa hayo ni wati 2 kwa mita ya mraba, kwa hiyo jirani huyo anapata chini ya sehemu moja ya 200 ya kikomo. Katika mita 5, kiasi hupanda hadi takriban wati 3, na kikomo cha umma kimevukwa. Katika mita 2, kiasi hukaribia wati 20, maradufu ya kikomo cha mfanyakazi, ambacho ni wati 10.

Aidha, antena nyingi za simu huelekeza mawimbi yake mbele kuliko chini, hivyo aliye chini ya mnara hayuko katika njia kuu ya mawimbi. Kwa watu wengi, chanzo kikubwa zaidi cha mawimbi ni simu iliyoshikwa sikioni. Nayo simu huongeza nguvu pale mtandao unapokuwa hafifu. Mnara ulio karibu huipunguzia kazi.

Je, saratani?

Mwaka 2011, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi 2B, la vitu ambavyo huenda vinaweza kusababisha saratani. Kundi hilo hupima uzito wa ushahidi, halipimi ukubwa wa hatari. Ndani yake imo pia dondoo ya jani zima la mshubiri. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2018 ulikuta uvimbe wa moyo kwa panya dume, ingawa panya hao walipigwa mawimbi mwili mzima kwa saa 9 kila siku kwa miaka miwili, kwa kiasi cha hadi wati 6 kwa kilo. Mwaka 2024, mapitio yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani yalichambua tafiti 63 kwa binadamu na hayakupata uhusiano kati ya matumizi ya simu na saratani ya ubongo. Utafiti unaendelea, lakini hakuna msingi wa kumwambia mkazi jirani na mnara kwamba ataugua.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Maumivu ya mgonjwa anayeulaumu mnara ni ya kweli. Hata hivyo, katika majaribio ambayo mhusika na mpimaji wote hawakujua kama mtambo umewashwa, waliojieleza kuwa huathirika hawakuweza kuutambua, na dalili zao zilitokea hata ulipokuwa umezimwa. Kumdhihaki mgonjwa ni kosa; kuafiki bila kumpima ni kosa kubwa zaidi, maana nyuma ya kichwa kinachouma huenda kuna shinikizo la juu la damu, upungufu wa damu, tatizo la macho au sonona. Apimwe kama mgonjwa mwingine yeyote. Wakazi wenye wasiwasi nchini Tanzania wanaweza kuomba vipimo kupitia Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Fundi wa minara aulizwe maswali mahususi: je, mtambo huzimwa au kupunguzwa nguvu kabla hajapanda? Je, anavaa kifaa cha kupima mawimbi? Kwenye mawimbi ya kati, mara nyingi mnara mzima ndio antena, hivyo kuugusa ukiwa umesimama ardhini ni hatari. Ajali ikitokea, mtambo uzimwe kwanza ndipo majeruhi aguswe. Jeraha lisipimwe kwa ngozi pekee, kwa kuwa tishu za ndani huweza kuwa zimeungua zaidi ya inavyoonekana. Majeruhi apelekwe hospitali na kuangaliwa kwa karibu.

Mgonjwa aliyepandikizwa kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo aiweke simu angalau sentimita 15 kutoka kifuani, na asiingie eneo lililozungushiwa uzio wa mitambo ya kurushia matangazo bila ushauri wa daktari wake.

Uzio na kibao cha onyo kwenye mnara vimewekwa kwa sababu: nje ya uzio mawimbi huwa dhaifu, karibu na antena huwa makali. Wazazi wawazuie watoto kupanda, na waajiri wasimpandishe fundi mtambo ukiwa umewashwa.